Sekunde 15 kwa Kila Mwanafunzi: Ufundishaji wa Kiingereza katika Darasa Lenye Vifaa Haba

Katika wiki za mwanzo za kidato cha kwanza, jambo moja hutokea katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania. Mwalimu wa biolojia hueleza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyofyonza maji, huchora mzizi ubaoni, kisha huuliza kama somo limeeleweka. Darasa zima huitikia kwa sauti moja kwamba limeeleweka. Lakini mwalimu anapomtaka mwanafunzi mmoja asimame na kueleza kwa maneno yake mwenyewe, hujibiwa kwa kimya. Yamkini mwanafunzi huyo amelima pamoja na wazazi wake tangu utotoni, na anajua vema kwamba mche uliong'olewa hunyauka kwa kuwa mizizi yake haipati maji. Anachokosa si maarifa ya mmea, bali ni maneno ya kuyasema maarifa hayo katika lugha ambayo mtihani utamtaka aitumie.

Kimya hicho ni suala la sayansi kama kilivyo suala la lugha. Mwanafunzi asiyeweza kuuliza swali hawezi kusahihishwa kosa lake, na asiyeweza kueleza alichokiona katika jaribio hawezi kupewa alama zake, hata kama alikiona sawasawa. Kwa sababu hiyo, njia za kufundishia Kiingereza haziwahusu walimu wa somo hilo peke yao. Makala haya yanachunguza njia chache zilizobuniwa au kujaribiwa kwa ajili ya madarasa yenye wanafunzi wengi na vifaa haba. Aidha yanaonyesha jinsi mwalimu mwenye ubao na chaki tu anavyoweza kuzitumia na, lililo muhimu zaidi, kuzipima.

CHANZO CHA TATIZO

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza hufundishwa humo kama somo mojawapo. Mwanafunzi anapoingia sekondari mambo hugeuka: Kiingereza huwa lugha ya masomo karibu yote, na Kiswahili hubaki kuwa somo. Mgeuko huo umejadiliwa kwa miaka mingi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika ngazi mbalimbali za elimu nchini, wakaona kwamba kiwango cha wanafunzi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri lugha hiyo iendelee kutumika na iimarishwe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaja tena matumizi ya Kiswahili katika ngazi zote, lakini shule za sekondari zimeendelea kufundisha na kutahini kwa Kiingereza.

Wakati huohuo idadi ya wanafunzi imeongezeka sana. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta ujenzi wa shule nyingi za kata, na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016 kuliwafungulia mlango watoto wengi ambao hapo awali wasingeingia sekondari. Hayo ni mafanikio makubwa ya taifa. Lakini madawati, vitabu na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mzito, na hauwezi kumalizwa na mwalimu mmoja darasani mwake. Lakini mwanafunzi aliyeketi mbele yake asubuhi hii hawezi kungoja hadi umalizike.

HESABU YA SEKUNDE

Ili kuelewa upungufu ulio mkubwa kuliko wote, ichukuliwe hesabu nyepesi. Darasa lina wanafunzi 80 na kipindi ni cha dakika 40. Iwapo mwalimu anatumia nusu ya kipindi kueleza na kuandika ubaoni, zinabaki dakika 20, yaani sekunde 1,200. Akiwataka wanafunzi wasimame na kusema mmoja mmoja, na kila mmoja apate sehemu iliyo sawa na ya mwenziwe, kila mwanafunzi atapata sekunde 15. Kwa vipindi 6 katika wiki, hizo ni sekunde 90. Kwa wiki 38 za masomo, ni dakika 57. Mwanafunzi huyo atakuwa amesema Kiingereza darasani kwa muda usiofika saa nzima katika mwaka mzima. Na hapo pamedhaniwa kwamba hakuna muda uliopotea, na kwamba wale wachache wachangamfu wa safu ya mbele hawakuchukua zamu za wenzao.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kitu adimu kuliko vyote katika darasa kubwa ni muda wa kila mwanafunzi kuitumia lugha. Vitabu, ramani na vinasa sauti vina manufaa yake, lakini darasa lililojaa vifaa ambamo mtu mmoja tu anasema kwa wakati mmoja bado litampa kila mwanafunzi sekunde zake 15. Kwa hiyo kipimo cha njia yoyote ya kufundishia katika mazingira haya ni swali hili: katika dakika moja ya somo, ni wanafunzi wangapi wanaoshughulika na lugha kwa wakati mmoja?

Iwapo mwalimu yuleyule atatenga dakika 10 tu ili wanafunzi waseme wawili wawili, kila mmoja akisema nusu ya muda huo, kila mwanafunzi atakuwa amesema kwa dakika 5. Hizo ni sekunde 300, mara 20 ya zile 15, na hazikugharimu hata kipande cha chaki.

MAARIFA YA MICHAEL WEST

Tatizo hili si geni, wala si la Afrika peke yake. Mwingereza Michael West alifanya kazi ya elimu kwa miaka mingi huko Dacca, katika Bengal, ambako leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1926 alichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto wa Kibengali waliojifunza Kiingereza. Baadaye akatunga vitabu vya kusomea ambavyo ndani yake maneno adimu yaliondolewa na kuwekwa yale yanayotumika sana, na maneno mapya yakatawanywa yasimlemee msomaji. Orodha yake ya maneno 2,000 hivi ya Kiingereza yanayotumika zaidi, iliyotolewa mwaka 1953, imetumiwa na watunzi wengi wa vitabu vya shule.

Mwaka 1960 West alichapisha kitabu kidogo kuhusu ufundishaji wa Kiingereza katika mazingira magumu. Alilieleza darasa ambalo walimu wengi wa leo wangelitambua mara moja: wanafunzi zaidi ya 30, mara nyingi 40 au 50, wamebanana katika mabenchi, viwango vyao vimetofautiana, hewa ni ya joto, na mwalimu mwenyewe pengine hana uhakika wa Kiingereza chake.

Njia mojawapo aliyoipendekeza yaweza kuitwa soma, inua macho, sema. Wanafunzi wawili huelekeana. Wa kwanza hutazama sentensi kitabuni au ubaoni, huisoma kimyakimya, huinua macho, humtazama mwenzake usoni, kisha huitamka bila kuangalia tena. Sentensi ikiwa ndefu huigawa vipande. Mwenzake husikiliza, na baadaye hupokea zamu. Kanuni ni moja tu: macho yakiwa kwenye maandishi, kinywa kifungwe.

Njia hii ni nyepesi, lakini ina maana kubwa. Mwanafunzi anayesoma kwa sauti huku macho yakifuata mstari aweza kutamka kila neno bila kuelewa hata moja. Anayelazimika kuibeba sentensi akilini, japo kwa sekunde 3 au 4, hulazimika kuishika maana yake, kwa kuwa fungu la maneno yenye maana hukumbukika kwa urahisi kuliko mlolongo wa sauti tupu.

MIKONO 80 KWA MARA MOJA

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza kinachofundishwa kwa matamshi ya Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, zikihesabiwa pamoja na zile za kuunganishwa. Kwa hiyo mwanafunzi husikia maneno ship na sheep kama neno moja, na hali kadhalika live na leave. Wengine, kwa athari za lugha zao za kwanza, hupata taabu kuzitenga sauti za l na r.

Ili kufundisha tofauti hizo, mwalimu huandika maneno mawili ubaoni na kuyapa namba 1 na 2. Kisha hutamka mojawapo, na wanafunzi wote huinua kidole kimoja au viwili. Kwa tupo moja la jicho huona majibu 80. Akitaka kuzuia kuigana, huwaagiza wafumbe macho kabla hajatamka. Katika dakika 3 aweza kutamka maneno 20, na atakuwa amepata majibu 1,600, pamoja na kujua hasa ni nani anayesikia tofauti na nani bado.

Njia hiyohiyo humfaa mwalimu wa fizikia au wa kemia. Badala ya kuuliza kama darasa limeelewa, huandika sentensi mbili zinazopingana kuhusu somo, na kuwaagiza wanafunzi waonyeshe kwa vidole iliyo ya kweli. Kuitikia kwa pamoja huwaficha wasioelewa, ilhali vidole huwafichua bila kuwaaibisha.

IMLA KWA SURA MPYA

Imla ni zoezi kongwe, nalo limewahi kudharauliwa kwa kuonekana kuwa ni kunakili tu. Lakini lina sifa ambayo mazoezi mengi ya kisasa hayana: darasa zima hufanya kazi kwa wakati mmoja, na linahitaji sauti ya mwalimu, daftari na kalamu tu. Mwaka 1990 Ruth Wajnryb alieleza sura mpya ya imla ambamo wanafunzi hawanakili kila neno, bali husikiliza, huandika maneno machache na kuijenga upya habari waliyoisikia.

Mwalimu huchagua habari fupi. Kwa kuwa lengo ni kumsaidia mwanafunzi katika masomo mengine, inafaa habari hiyo itoke katika somo la sayansi la wiki hiyo. Mfano mmoja waweza kuwa huu:

Water moves from the soil into the roots. It travels up the stem and reaches the leaves. A little of it is used to make food, but most of it escapes into the air through very small holes.

Hayo ni maneno 38. Mwalimu huyasoma mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, na wanafunzi husikiliza tu, kalamu zikiwa chini. Mara ya pili huandika maneno machache wanayoyaona kuwa muhimu. Kisha, wanne wanne, huunganisha walichokipata na kuandika habari nzima upya. Haihitajiki ilingane neno kwa neno na ya mwalimu, bali iwe na maana ileile na sarufi iliyo sahihi. Mwishowe mwalimu huandika habari ya asili ubaoni, na kila kundi hulinganisha. Makundi 20 hutoa kazi 20, idadi ambayo mwalimu aweza kuisahihisha jioni moja, ambapo daftari 80 zingemchukua siku kadhaa.

Sehemu yenye faida kubwa ni ule mlinganisho wa mwisho, kwa maana huonyesha mahali ambapo lugha mbili zinaachana. Kwa Kiswahili husemwa kwamba maji hutoka ardhini, huingia mizizini na hufika majanini. Maneno ardhini, mizizini na majanini yote yana kiambishi kilekile cha mahali, yaani -ni. Kazi ya kuonyesha kama maji yanatoka, yanaingia au yanafika hufanywa na kitenzi. Katika Kiingereza cha habari hiyo, vitenzi moves na travels vinaeleza mwendo tu, na mwelekeo hubebwa na maneno madogo from, into, up na through. Mwanafunzi aliyezoea kuuona mwelekeo ndani ya kitenzi huyapuuza maneno hayo madogo, na kwa kuyapuuza hubadilisha sayansi yenyewe. Maji yanayotoka kwenye jani na maji yanayoingia kwenye jani ni mambo mawili tofauti, na tofauti yao kwa Kiingereza imo katika neno dogo ambalo sikio lake halikulishika.

NAFASI YA KISWAHILI

Mfano huo unaonyesha kwa nini Kiswahili hakipaswi kufukuzwa katika somo la Kiingereza. Mwalimu anayeifahamu sarufi ya Kiswahili ana ramani ya makosa ya wanafunzi wake kabla hawajayafanya. Anajua kwamba watachanganya he na she, kwa kuwa kiambishi a- katika anasoma hakibagui mume na mke. Anajua kwamba wataacha a na the, kwa kuwa katika Kiswahili neno kitabu hujitosheleza. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zote za dunia haviwezi kuwa na ramani hiyo, lakini mwalimu anayo bila gharama yoyote.

Zipo shule ambazo mwanafunzi anayesikika akisema Kiswahili huadhibiwa au huvishwa kibao cha fedheha. Nia yaweza kuwa njema, lakini matokeo yake hutabirika: asiyejua neno la Kiingereza, na aliyekatazwa neno la Kiswahili, huchagua kunyamaza. Na kunyamaza hakumfundishi mtu lugha yoyote. Katika zoezi la imla lililoelezwa, ni afadhali kundi libishane kwa Kiswahili kuhusu neno lipi la Kiingereza liandikwe, maadam kazi ya mwisho itolewe kwa Kiingereza. Wanafunzi wanaobishana kama maji yanaingia hewani au yanatoka hewani wanafikiri juu ya sarufi na juu ya biolojia kwa wakati mmoja.

VITABU 40 VINAVYOZUNGUKA

Hakuna anayeweza kupata msamiati wa kutosha kwa kusikiliza vipindi vichache vya wiki. Sehemu kubwa ya msamiati hupatikana kwa kusoma, na kusoma kwingi huhitaji vitabu vyepesi vinavyopendeza. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulipatikana Fiji. Kuanzia mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya utafiti katika shule 12 za vijijini. Katika shule 8 kati ya hizo, kila darasa lililoshiriki lilipewa vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza. Katika shule 4 zilizobaki, wanafunzi waliendelea na mafunzo ya kawaida ya mazoezi ya miundo ya lugha. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1983 yalionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wanafunzi waliopewa vitabu walikuwa wameendelea katika kusoma kwa kasi ipatayo mara mbili ya wenzao. Katika mwaka wa pili faida hiyo ilienea hadi katika stadi nyingine za lugha.

Vitabu 250 ni vingi kwa shule nyingi. Lakini hesabu nyingine yaweza kuleta tumaini. Darasa la wanafunzi 80 lina jozi 40. Likiwa na vitabu 40 vyembamba, kila jozi ikapewa kimoja na kukipitisha kwa jozi inayofuata kila Ijumaa, katika wiki 38 kila mwanafunzi atakuwa amepitiwa na vitabu 38. Kisanduku cha mbao chenye kufuli na daftari la kiranja anayeandika nani amechukua nini vinatosha kuwa maktaba. Shule isiyo na vitabu 40 yaweza kuanza na 10, na kujaza pengo kwa hadithi zilizoandikwa na wanafunzi wa vidato vya juu, zikasahihishwa na mwalimu na kushonwa kwa uzi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kosa la kuepukwa ni kukifungia kitabu kabatini ili kisichakae. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake.

MWALIMU APIME MWENYEWE

Njia inayosifiwa haiwi nzuri kwa sababu ya sifa zake. Kati ya mwaka 1979 na 1984, N. S. Prabhu aliongoza mradi katika shule kadhaa za kusini mwa India. Humo Kiingereza kilifundishwa kwa kazi za kufikiri, kama vile kusoma ratiba ya treni au kufuata ramani, bila kufuata orodha ya kanuni za sarufi. Vifaa vilikuwa haba: ubao, chaki na karatasi. Ilipofika wakati wa kulinganisha, Alan Beretta na Alan Davies walikuta kwamba katika majaribio ya kuitumia lugha madarasa ya mradi yalielekea kuwa mbele, na katika jaribio la miundo ya sarufi madarasa ya kawaida hayakuachwa nyuma, bali yalielekea kuongoza. Aidha walitahadharisha juu ya uzito wa matokeo hayo, kwa vile madarasa yaliyolinganishwa hayakugawanywa kwa kura tangu mwanzo. Funzo lililomo ni kwamba jibu hutegemea kinachopimwa na jinsi kinavyopimwa.

Mwalimu wa sekondari aweza kufanya kipimo cha namna hiyo shuleni kwake. Chombo kinachomfaa kilielezwa na Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953. Huchukuliwa habari yenye maneno 200 hivi. Sentensi ya kwanza huachwa kamili. Baada ya hapo, kila neno la saba hufutwa na mahali pake huwekwa mstari wenye namba, hadi zipatikane nafasi 25. Habari huandikwa ubaoni, na wanafunzi huandika namba na neno linalokosekana. Neno lililo sawasawa na la asili hupewa alama moja. Kwa wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakisoma lugha yao wenyewe, John Bormuth alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba anayepata kiasi cha asilimia 44 aweza kuifuata habari kwa msaada wa mwalimu, na anayefika asilimia 57 aweza kujisomea. Kwa wanaojifunza lugha ya pili viwango hivyo ni vya kukadiria tu. Hata hivyo, mwalimu wa kemia akitoa ukurasa wa kitabu chake kwa njia hii, na darasa lake likapata wastani wa nafasi 4 kati ya 25, hana haja ya kujiuliza tena kwa nini wanafunzi hawasomi kitabu hicho.

Jaribio lenyewe laweza kupangwa hivi. Katika juma la kwanza la muhula, mikondo miwili, A na B, hufanya zoezi lilelile la nafasi 25. Kwa wiki 10 mkondo A hufundishwa kwa imla mpya mara mbili kwa wiki, na mkondo B huendelea na njia ya kawaida kwa idadi ileile ya vipindi. Mwishoni mikondo yote hufanya zoezi jingine, ambalo ni lilelile kwa wote wawili. Mwalimu mwingine, asiyejua daftari lipi ni la mkondo upi, husahihisha.

Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba wastani wa A ulipanda kutoka 8 hadi 12, na wa B kutoka 9 hadi 11. A umepata nyongeza ya 4 na B ya 2. Je, tofauti hiyo imetokana na njia, au mkondo A ulikuwa na wanafunzi wenye bidii zaidi? Ili kujua, katika muhula unaofuata mikondo hubadilishana njia. Iwapo nyongeza kubwa itahamia B, inafuata njia. Ikibaki A, inafuata wanafunzi. Mpango huu una haki pia, kwa kuwa hakuna mkondo unaonyimwa faida kwa mwaka mzima. Hatimaye mwalimu asitazame wastani peke yake. Azitazame alama za robo ya chini, kwa sababu wastani waweza kupanda wakati wa mwisho wamebaki palepale.

PINGAMIZI TATU

Pingamizi la kwanza ni kelele. Jozi 40 zinaposema kwa pamoja, darasa la jirani husumbuka. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kufundisha kunong'ona kama sehemu ya zoezi, kuweka dakika zinazojulikana, na kukubaliana alama ya kunyamaza, kwa mfano mkono wa mwalimu ulioinuliwa. Siku za mwanzo zitakuwa na vurugu, mazoea huiondoa.

La pili ni kwamba wanafunzi watafundishana makosa. Watayafanya, bila shaka. Lakini makosa hayo wanayo tayari. Kimya huyahifadhi tu. Mwalimu anayepita kati ya madawati huku wanafunzi wakisema husikia makosa yapi yanajirudia, na huyasahihisha yote kwa pamoja ubaoni katika dakika 5 za mwisho.

La tatu, ambalo walimu hulisema kwa sauti ya chini, ni kwamba baadhi yao hawana uhakika wa Kiingereza chao wenyewe. West alilitambua jambo hilo mwaka 1960, na hakuna aibu kulikiri. Njia zilizoelezwa hapa hazimtaki mwalimu awe msemaji fasaha wa dakika 40. Zinamtaka aandae maneno 38 vizuri. Msaada wa nje waweza pia kupatikana. Nchini Kenya, mradi wa mwaka 1980 hadi 1985 ulitumia redio kufundisha Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi: sauti ya redio iliuliza, ikanyamaza kwa sekunde chache, na watoto wote wakajibu. Hapo tena kanuni ni ileile: wote kwa wakati mmoja.

NENO KWA WANAFUNZI

Mwanafunzi asiyepata mwalimu wa kutumia njia hizi hana sababu ya kungoja. Wawili wakiketi chini ya mti kwa dakika 20 kila siku, mmoja akisoma aya ya kitabu cha jiografia kwa sauti na mwingine akiijenga upya kwa maandishi, kisha wakabadilishana, watakuwa wametumia Kiingereza kwa siku 3 kuliko darasa kubwa linavyowapa kwa mwaka kwa njia ya zamu. Makosa yakitokea, kitabu chenyewe ndicho msahihishaji.

Hakuna njia ya kufundishia itakayochukua nafasi ya madarasa ya kutosha, vitabu na uamuzi wa busara kuhusu lugha ya elimu. Mambo hayo taifa linadaiwa, na yanapaswa kudaiwa. Lakini yule mwanafunzi aliyesimama akanyamaza, huku anajua kwa nini mche hunyauka, ana kipindi kingine kesho asubuhi. Mwalimu wake aweza kumwita tena asimame mbele ya wenzake 79, ampe sekunde zake 15 na kukutana na kimya kilekile. Aweza pia kumgeuza aelekeane na mwenzake, wakapewa dakika 5 kila mmoja, na maneno from, into na through yakiwa yameandikwa ubaoni.